Siku Ambazo Meli Haifiki Popote

Nikisema hapa Moshi kwamba nimevuka Atlantiki kwa meli ya watalii, watu huuliza bei kwanza. Hilo nimelizoea. Kwetu hata ukimwonyesha mtu picha za harusi atakuuliza ukumbi ulikodiwa shilingi ngapi. Swali la pili ndilo lililonikalisha chini niandike: "Sasa zile siku hakuna bandari, maji kushoto maji kulia, mlikuwa mnafanya nini kutwa nzima?" Wengi huuliza kwa sauti ya kunipa pole.

Tulifanya machache sana, na kwa makusudi. Lakini ili tuyapate hayo machache ilitubidi tuikatalie meli, na meli haikataliki kirahisi.

Nieleze kwanza ni safari ya namna gani. Meli za watalii huhamahama kufuata jua. Kiangazi cha Ulaya, nyingi huzunguka Mediterania. Baridi ikianza, Oktoba na Novemba, huvuka kwenda Karibi, na Aprili au Mei hurudi. Hakuna kampuni inayotaka kuvusha meli tupu, kwa hiyo safari hiyo ya kuhama nayo huuzwa, na kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji matupu, bei ya kila usiku mara nyingi huwa chini kuliko ya safari ya kuzunguka bandari. Dada yangu, muuguzi mstaafu anayeishi Ujerumani, aliichagua kwa sababu ya bei (na yeye ndiye aliyelipa sehemu kubwa, Mungu amzidishie). Mimi niliitaka kwa sababu ya maji matupu. Tuliondokea Barcelona, tukagusa bandari mbili tatu, halafu karibu wiki nzima hakuna kitu mpaka Florida.

Bandari ya mwisho ilikuwa Santa Cruz de Tenerife. Wenzetu walipanda mabasi kwenda kuuona Teide, mlima mrefu kuliko yote nchini Hispania, mita 3,715. Nilicheka peke yangu. Horombo, kambi ya Kilimanjaro ambapo wageni wa njia ya Marangu hulala usiku wa pili, ni mita 3,720. Kilele chao kiko sawa na vitanda vyetu. Sikumwambia mtu, maana si adabu.

Maana kazi yangu ndiyo hiyo. Nina ofisi ndogo mjini, si mbali na Double Road, inayopeleka wageni mlimani. Miaka mingi nimepanga siku za watu wengine: waamke saa ngapi, wale nini, wapumzike wapi. Kwa hiyo nilipopanda meli sikuweza kuitazama kama mgeni wa kawaida. Nilikuwa natazama jinsi walivyotupanga sisi.

Na mtu yeyote wa kazi hii anajua kwamba mgeni asiye na la kufanya huanza kulalamika au huanza kutumia pesa. Mlimani hatuna duka, basi hulalamika. Melini maduka yapo.

Kila jioni tulikuta chumbani karatasi ya ratiba ya kesho. Siku ya bandari ilikuwa nyembamba. Siku ya baharini ilijaa mpaka pembezoni: kunyoosha viungo, chemshabongo, masomo ya salsa, bingo, mnada wa picha za kuchora, onyesho la kukunja taulo ziwe tembo, semina ya ngozi ambayo mwisho wake unauziwa mafuta ya uso, mashindano ya kasino, punguzo la bei ya saa za mkononi, chemshabongo tena. Sababu yake si ukarimu. Meli ikiwa bandarini, sheria za kodi na za kamari za nchi ile huifikia, ndiyo maana kasino na maduka yasiyo na ushuru hufungwa. Ikitoka nje ya maji ya nchi, hufunguliwa. Tiketi huuzwa kwa bei ya kuvutia, halafu faida hutafutwa ndani: vinywaji, kamari, masaji, picha, intaneti. Siku ya bandari meli ni gesti. Siku ya baharini ni gulio, na wewe umezungukwa na maji, huwezi kusema unapitia soko jingine.

Siwalaumu. Nami ningefanya hivyo hivyo. Ila ukishaijua hesabu yao, unakuwa huru kupanga yako.

Yangu niliitoa Horombo. Wageni wanaotaka kupanda vizuri kwa njia ya Marangu tunawashauri waongeze siku moja pale, ya kuzoea mwinuko. Asubuhi wanatembea hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000, wanarudi, wanakula, wanalala kitanda kile kile cha jana. Kila msimu hutokea mgeni anayekasirika: nimelipa kwenda juu, kwa nini nalala hapa tena? Mwongozaji mzuri habishani naye. Anajua mwili wa yule mgeni unafanya kazi kubwa kuliko siku yoyote, wenyewe, bila kuonekana. Kinachotakiwa ni kuupa jambo dogo la asubuhi, kisha kuuacha.

Basi nikamwambia dada: tutakuwa na vigingi viwili tu. Asubuhi tunatembea sitahani kabla ya chai. Jioni, giza likiingia, tunakwenda mbele ya meli. Katikati ya hapo hakuna ahadi, isipokuwa jambo moja tu kutoka kwenye ratiba yao, moja kwa siku, na lisiwe la kuuziwa kitu.

"Na mimi salsa je?" akauliza.

Salsa ikaruhusiwa.

Kabla ya vigingi hivyo, nusu saa ya kwanza ya siku ya kwanza tuliitumia kwa jambo ambalo halimo kwenye ratiba yoyote, na Mtanzania ataelewa bila maelezo mengi. Shangazi yetu aliposikia habari ya meli alinyamaza, kisha akasema neno moja: Bukoba. MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996. Na baada yake Spice Islander mwaka 2011, Skagit mwaka 2012, MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018. Kwa watu wa umri wangu meli si picha ya kujipiga ukiwa na miwani ya jua. Ni redio inayosoma majina. Hofu hiyo haiondolewi na ukubwa wa meli. Costa Concordia ilikuwa kubwa na ya kifahari, ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, wakafa watu 32. Wapo abiria waliokuwa wamepanda jioni ile ile na hawakuwa wamefanya zoezi la dharura, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu 2015 kanuni ya kimataifa inataka lifanywe kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Zoezi tulilifanya pamoja na wengine, watu wakitazama simu zao. Lakini asubuhi ya kwanza ya bahari mimi na dada tulilirudia wenyewe: kutoka chumbani hadi kituo chetu cha kukusanyikia, kwa ngazi, bila lifti, huku tukihesabu milango. Kurudi tukapitia upande wa pili. Baada ya hapo nililala kama mtoto. Nawashauri wote wenye shangazi kama wetu.

Kulala kwenyewe kuna siri yake. Ukivuka kuelekea magharibi, karibu kila usiku mnaambiwa mrudishe saa nyuma kwa saa moja, kwa sababu kati ya Hispania bara na Florida tofauti kwa kawaida ni saa sita na lazima iliwe kidogo kidogo. Maana yake siku zako nyingi zina saa 25. Zawadi hiyo sijaipata mahali pengine popote. Unalala vya kutosha na bado unaamka mapema, jua halijatoka, sitaha tupu, wafanyakazi wanamwagia maji mbao. Wanaorudi Ulaya mwezi wa nne hupata kinyume chake, siku za saa 23, na wanashuka wamechoka. Ukipewa nafasi ya kuchagua, vuka kwenda magharibi. Dada, ambaye ameweka miaka mingi ya zamu za usiku mwilini mwake, siku ya pili alilala hadi saa sita mchana. Nilimfunika tu nikatoka.

Matembezi ya asubuhi. Meli nyingi zina sitaha ya kuzunguka, na mahali fulani ukutani pameandikwa mizunguko mingapi inatimiza maili au kilomita. Hapo utakuta kundi dogo la watu wale wale kila siku, wengi wazee, wengine na fimbo zao mbili za kutembelea. Wawili kati yao walikuwa wameshapanda Kibo, na mazungumzo yakawa yale yale ya ofisini kwangu: mlipita Machame au Marangu, usiku wa kileleni mlitapika au hamkutapika. Nilishangaa jinsi upepo ulivyokuwa mpole. Katika latitudo zile pepo huvuma mwaka mzima kutoka kaskazini-mashariki, na meli ikielekea magharibi huwa nazo mgongoni. Ndizo zilizompeleka Columbus. Alitoka La Gomera, kisiwa jirani na Tenerife, mwanzoni mwa Septemba 1492, akaona ardhi tarehe 12 Oktoba. Wiki tano, bila salsa.

Habari ya Columbus niliipata kwenye mhadhara, na hapa niseme wazi: katika ratiba yote ile, mihadhara ndiyo kitu pekee ambacho ningekilipia. Msomi mstaafu anapewa safari, naye anawaeleza mikondo ya bahari, nyangumi, historia ya biashara ya sukari. Ukumbi mkubwa, watu wachache, viti laini. Mnada wa picha ulikuwa umejaa.

Saa sita mchana nahodha huzungumza kwenye vipaza sauti: tulipo, mwendo, hali ya hewa, kina cha maji. Nilikuwa naacha kila kitu nisikilize. Mwendo wa maili 20 za baharini kwa saa ni kama kilomita 37. Basi la Dar lingetupita likipiga honi. Ila meli haisimami kula wala haisimamishwi na trafiki, na kwa siku nzima inakula karibu kilomita 900: kwa barabara yetu, umeshafika Dar, umegeuza, na uko maeneo ya Mombo. Siku moja alisema chini yetu kuna mita zaidi ya 5,000 za maji. Nikaegemea ukingo nikafanya hesabu. Ukiuchukua Kibo mzima, mita 5,895, ukausimamisha pale kuanzia sakafu ya bahari, kinachobaki juu ya maji hakifiki mita 900. Kilima cha kupanda asubuhi na kurudi.

Watu husema baharini hakuna cha kuona. Ni kweli kwa anayepita. Anayekaa huona samaki wanaoruka, wadogo, wanachomoka pembeni mwa meli wakiteleza hewani mbali kuliko unavyotarajia. Huona mistari ya mwani wa kahawia unaoelea, mirefu, imenyooshwa na upepo. Mara moja pomboo. Lakini sitaki kudanganya: sehemu kubwa ya muda ni maji tu, na rangi yake inabadilika polepole mno.

Kuhusu kulewa bahari nitapita haraka, kwa kuwa dada ndiye mtaalamu. Chagua chumba cha katikati ya meli na cha chini, ndipo panapocheza kidogo. Vile vya juu kabisa na vya mbele vina mandhari na vina mtikisiko. Meli kubwa ina mapezi yanayotoka ubavuni kupunguza kuyumba, ila hayaondoi yote. Vidonge vimezwe kabla ya kuanza kujisikia vibaya. Vingi huleta usingizi na havipatani na pombe. Tangawizi inasaidia. Usijifungie chumbani na simu: toka nje, tazama upeo wa macho. Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni kila kabla ya kula, kwa sababu kile kirusi cha kuhara na kutapika kinachojulikana sana melini, norovirus, hakiogopi sana vitakasa mikono. Dada alikuwa anasimama mlangoni pa bafe anawatazama wasionawa kwa jicho la wodini.

Chakula chenyewe ni kingi, wala sina la kuongeza. Chai ndiyo ilinishinda: maji ya vuguvugu na kijifuko cha majani. Nilikuwa nimebeba chai masala na chupa ya chai, nikamwomba kijana wa jikoni maziwa ya moto. Kufika siku ya tatu alikuwa ananiwekea bila kuombwa.

Kijana huyo alikuwa wa Mombasa. Alisoma jina langu kwenye kadi, akanitazama, akasema, "Shikamoo mama." Kusikia shikamoo katikati ya Atlantiki! Nikamwitikia marahaba kwa sauti mpaka watu wakageuka. Kupitia kwake nikaona upande wa pili wa siku ya baharini, upande ambao nilipaswa kuukisia tangu mwanzo. Siku ya bandari wageni hushuka, meli hupumua, mfanyakazi anaweza hata kupata saa moja ya kushuka kununua sabuni na kupiga simu nyumbani. Siku ya baharini hakuna anayeshuka. Maelfu ya watu wanakula, wanamwaga, wanaita, kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Mapumziko yetu ndiyo siku yao nzito kuliko zote. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unataka wapate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na 77 kwa wiki. Ukizitoa hizo 77 kwenye saa 168 utaona kinachobaki. Na mikataba yao ni ya miezi mingi mfululizo, vyumba viko chini huko karibu na usawa wa maji.

Mlimani ni hivyo hivyo. Mgeni anapokaa Horombo kuzoea mwinuko, mpagazi hazoei kitu. Anachota maji, anaosha vyombo, mpishi anapika milo mitatu. Nimesimama sana kwenye mizani getini nikihakikisha mzigo hauzidi kilo 20, na nikadhani najua kila kitu kuhusu nani anabeba mapumziko ya nani. Kampuni za meli hukata ada ya huduma kila siku kwa kila abiria, moja kwa moja kwenye hesabu ya chumba. Sisi tuliiacha ikatwe, na juu yake tukatoa tipu mkononi kwa wale waliotushughulikia, kimya kimya, siku mbili kabla ya kushuka na si asubuhi ya mwisho. Siku ya mwisho wote wanatoa; aliyepewa mapema anajua hukupapasa chenji zilizobaki.

Simu. Weka kwenye hali ya ndege tangu meli inapong'oa nanga, la sivyo itashika mtandao wa meli unaopitia setilaiti na utakatwa pesa za kununua mbuzi. Intaneti ya melini huuzwa kwa kifurushi. Dada alinunua, mimi nikakataa. Ofisi nilimwachia mpwa wangu, nikamwambia mtu akifa amwambie dada.

Hapo ndipo palipo ugumu wa kweli wa siku hizi, na si wa bahari. Sisi hatujazoea kukaa. Uchagani mtu mzima akikutwa amekaa bure mchana, ama anaumwa ama ana mgeni. Hata Desemba tunaporudi nyumbani kupumzika, kuna mbuzi wa kuchinja, kikao cha ukoo, kaburi la kujengea, ubatizo, mchango, na mtu lazima aonekane kwa kila shangazi. Unarudi mjini Januari umechoka kuliko ulivyokwenda. Siku ya kwanza na ya pili baharini mikono yangu iliwasha. Nilijikuta nahesabu wahudumu wa bwawa la kuogelea na kujiuliza zamu zao zimepangwaje. Nilitamani kumpigia mtu simu nimuulize kama mzigo umefika.

Kilichoniponya ni uzi. Nilikuwa nimebeba sindano ya kufumia na mabunda mawili ya uzi mweupe, nikaanza vitambaa vya makochi, vile vile vya mama zetu. Nilikaa upande wa kivuli, si pale kwenye viti vya bwawani ambako watu huamka alfajiri kuweka taulo kama wanagawana viwanja. Mikono ikawa na kazi, kichwa kikaachwa. Wanawake wakaanza kuja: mmoja wa Ureno aliyefuma haraka kuliko mimi, mwingine wa Marekani aliyetaka kujifunza. Hatukuwa na lugha ya kutosha, na hatukuihitaji. Kwa hiyo ukiniuliza ubebe nini, beba kitu cha mikono. Kitabu ni kizuri, ila kitabu kinakufungia. Uzi unaacha nafasi pembeni yako.

Nafasi hiyo ndiyo aliyoikalia dada. Tumeishi mabara mawili kwa muda mrefu, na mazungumzo yetu yamekuwa ya simu: afya, ada, msiba, kwaheri vocha inaisha. Melini tulimaliza yote hayo siku ya kwanza. Siku ya pili tulikaa tukakosa la kusema, na nilifikiri ndiyo basi. Kumbe mazungumzo yanahitaji kwisha kabisa kwanza. Siku ya tatu akaanza habari za baba na ile migomba ya chini ya mfereji, nani aliing'oa kahawa na kwa nini, mambo ambayo mimi kama mdogo sikuwahi kuambiwa. Tulikaa kutoka chai ya saa nne hadi taa zikawashwa, tukakosa chakula cha mchana kwenye meli ambayo haina saa isiyo na chakula. Akaniambia pia kwamba anataka kuzikwa Kibosho, kihambani, kwenye shamba la ukoo, si Ujerumani, na kwamba wanawe hawajui bado. Alilisema akiwa ameshika koni ya aiskrimu. Nikamwambia nimesikia. Tukarudi kwenye salsa, maana ilikuwa saa yake.

Usiku wa mavazi rasmi huangukia siku ya baharini, watu wakiwa na muda wa kupiga pasi. Usinunue gauni. Vaa kitenge kilichoshonwa vizuri. Wapiga picha wa meli watakufuata mpaka ukome.

Na kigingi cha jioni. Taa za mbele ya meli huzimwa au hupunguzwa usiku ili wanaoongoza waone vizuri, kwa hiyo sitaha ya mbele huwa na giza zuri, na wageni wengi hawaijui. Moshi iko digrii tatu kusini mwa ikweta, na Nyota ya Kaskazini haichomozi kwetu hata mara moja. Kwa maisha yangu yote ilikuwa chini ya ardhi. Dada alinionyesha kwanza Kasiopea, nyota tano zenye umbo la herufi W, kisha akashuka na kidole hadi ile moja. Si kali kama nilivyodhani. Urefu wake kutoka upeo wa macho ni sawa na latitudo uliyopo, kwa hiyo jinsi tulivyokuwa tunashuka kusini nayo ilikuwa inashuka kidogo kila usiku.

Kwa anayetaka kujaribu bila kuvuka bahari nzima: kati ya Novemba na Aprili huwa kuna meli zinazotoka Durban kwa usiku mitatu au minne kwenda pwani ya Msumbiji, na humo utapata angalau siku moja ya bahari. Afrika Kusini Mtanzania huingia bila viza kwa matembezi mafupi. Safari yetu sisi ilidai viza ya Schengen na ya Marekani zote zikiwa ndani ya pasipoti kabla ya kupanda, na hizo ndizo zilizonichosha kuliko mawimbi.

Siku ya mwisho ya baharini ina shughuli mbili. Masanduku huwekwa nje ya mlango usiku, hivyo bakisha kwenye begi la mkononi pasipoti, dawa na nguo za kesho. Kila safari hupatikana mtu anayeshuka na pajama. Kisha hesabu ya chumba. Isome mstari kwa mstari. Asubuhi ya kushuka foleni ya dawati la wageni ni ndefu, kwa hiyo nenda usiku, saa ya onyesho kubwa, watu wakiwa ukumbini. Dada alikwenda na kalamu nyekundu. Walimwondolea chupa mbili za maji na picha moja ya kitenge ambayo hatukuinunua.